Ellen Swallow, mwanamke aliyesoma chumvi ya visima

Ukitajwa ukemia, wengi wetu hufikiria mwanamume aliyevaa koti jeupe, amezungukwa na chupa zinazofuka moshi. Mimi humfikiria Ellen Swallow Richards, Mmarekani aliyetumia elimu hiyo kwa maji ya kunywa, chakula na usafi wa nyumba.

Alizaliwa mwaka 1842 kijijini Dunstable, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pekee kwa wazazi wake. Mwaka 1870 alikubaliwa katika chuo cha MIT mjini Boston, mwanamke wa kwanza kuingia hapo. Hakutozwa ada. Alidhani ni kwa sababu hana uwezo, kumbe wakubwa walitaka waweze kumkana iwapo atatokea wa kulalamika. Mwaka 1873 akahitimu shahada ya kemia. Udaktari hakupewa.

Hakukaa akinung'unika. Mwaka 1876 alisaidia kufungua maabara ya wanawake chuoni hapo. Akapima vyakula vya madukani kujua vilichanganywa na nini, na mwaka 1882 akachapisha kitabu cha kuwaelimisha kina mama juu ya kemia ya kupika na kufua.

Kazi ninayoistahi zaidi ilianza mwaka 1887, serikali ya jimbo ilipoagiza maji yote yachunguzwe. Maelfu ya sampuli yalipita mikononi mwake. Yeye na wenzake wakaona kwamba visima vya karibu na bahari vina chumvi nyingi, na kila ukienda bara chumvi inapungua kwa utaratibu. Wakachora ramani ya viwango hivyo. Kisima kikizidi kiwango cha eneo lake, kilishukiwa. Chumvi tunayokula hutoka mwilini na kuingia chooni, na udongo hauichuji. Ilipozidi, ilikuwa dalili kwamba maji machafu yamefika kisimani.

Sasa tujitazame sisi wa Pwani. Ua mmoja una kisima na karo, hatua chache tu kati yake. Maji yetu yamezoeleka kuwa na chumvi, kwa hivyo ulimi hautuambii kitu: chumvi ya bahari yaweza kuificha ile ya choo. Kipindupindu nacho hakina ladha. Maji yakionekana meupe twasema ni salama, na watoto wanakunywa.

Ellen alifundisha kemia ya usafi MIT hadi alipofariki mwaka 1911. Ninalolichukua kwake ni kwamba macho na ulimi havitoshi, maji hupimwa. Kaunti zetu zipime visima na zitangaze matokeo mtaa kwa mtaa. Hadi siku hiyo, tuchemshe. Na binti akipenda kemia, tusimwambie hilo si somo lake. Huenda yeye ndiye atakayetuchorea ramani yetu.