Malcolm Guthrie na anwani ya Kilega

Likizo iliyopita nilikaa Pangi wiki sita nikikusanya maneno ya Kilega kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Mwalimu wangu mkuu alikuwa koko, mama yake mama yangu. Asubuhi tulikaa nyuma ya jiko, yeye akimenya mihogo, mimi na daftari mapajani. Niliporudi Kindu niliyaingiza maneno yale katika hifadhidata, pamoja na orodha nyingine niliyopewa ya Kilega cha upande wa Mwenga. Kila neno lilibeba msimbo wa lugha yake: D25 kwa Kilega cha Mwenga, D251 kwa Kilega cha Malinga, ambacho ndicho chetu cha Pangi na Shabunda.

Safu ya msimbo niliipa nafasi ya alama tatu tu. Darasani tumezoea kusema kwamba msimbo wa Guthrie ni herufi moja na tarakimu mbili, nami sikufikiri zaidi. Programu niliyotumia kuingiza faili ilikata alama ya nne bila kutoa onyo. Siku chache baadaye nilitafuta maneno ya D251, nikajibiwa kwamba hakuna hata moja. Maneno ya koko yalikuwa yamechanganyika na ya Mwenga, yote yakiitwa D25, na sikuwa nimeweka safu nyingine ya kuonyesha neno limetoka wapi. Ilinibidi nirudi kwenye daftari za karatasi, neno kwa neno.

Kosa lilikuwa langu. Hata hivyo lilinifanya nitake kumjua vizuri zaidi mtu ambaye jina lake tunalitaja karibu kila wiki katika kitivo hiki.

Malcolm Guthrie alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Hakuanza na lugha. Masomo yake ya kwanza yalikuwa ya madini, elimu ya kupima na kupanga vitu kwa sifa zake. Baadaye aliingia katika utumishi wa kanisa la Kibaptisti, na mwaka 1932 alitumwa Kongo. Alifanya kazi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, hadi mwaka 1940. Huko alijifunza Lingala, akaandika sarufi na kamusi yake iliyotoka mwaka 1939. Kwa hiyo mtu tunayemjua kama profesa wa London alipata shule yake ya kwanza ya Kibantu kandokando ya mto huu huu wetu, ingawa upande wa chini.

Mwaka 1942, vita vikiendelea, alijiunga na chuo cha masomo ya Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London. Huko ndiko alikobaki kwa maisha yake yote ya kazi, na mwaka 1951 akawa profesa wa lugha za Kibantu. Alifariki mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya kukamilika kwa kitabu chake kikubwa cha ulinganishi wa Kibantu, juzuu nne zilizotoka kati ya 1967 na 1971. Ndani yake kuna zaidi ya mifululizo 2,000 ya maneno yanayolingana kutoka lugha hadi lugha.

Lakini kilichomfanya ajulikane hata na wasiowahi kufungua juzuu hizo ni kitabu cha awali, cha mwaka 1948, kilichoziainisha lugha za Kibantu. Tatizo alilolikuta kila mmoja wetu analijua. Lugha moja ina majina mengi. Yetu imeandikwa Lega, Rega, Kilega, Kirega. Wenyeji wanaitwa Balega na Warega. Mtafiti mmoja anaanzia na kiambishi, mwingine anakiacha, wa tatu anatumia jina walilopewa watu na majirani zao. Huwezi kupanga lugha mia kadhaa katika orodha moja kwa majina ya namna hiyo.

Guthrie aliigawa nchi yote ya Kibantu katika kanda, kila kanda herufi moja. Katika kitabu chake cha mwisho kanda zilikuwa 15, kuanzia A huko Kameruni hadi S huko kusini, baadhi ya herufi zikirukwa. Ndani ya kanda kuna makundi ya makumi: D10, D20, D30. Ndani ya kundi, lugha zinapewa tarakimu ya mwisho. Ndiyo maana Kisukuma ni F21, Kinyarwanda ni D61, Kizulu ni S42, na Kiswahili ni G42.

Tazama sasa hesabu yake. Sifuri ni ya kundi lenyewe. Zinabaki tarakimu tisa. Kundi lolote haliwezi kuwa na lugha zaidi ya tisa, hata kama msituni ziko ishirini. Katika D20, kundi letu, D21 ni Kibali, D22 Kiamba, D23 Kikomo, D24 Kisongola, D25 Kilega, D26 Kizimba, D27 Kibangubangu, D28 Kiholoholo. Nafasi nane zimejaa, imebaki moja. Sehemu kubwa ya Maniema imo katika safu hiyo fupi, na atakayetaka kuongeza lugha ya pili isiyokuwamo hana pa kuiweka.

Wanaotengeneza hifadhidata wanalifahamu jambo hili vizuri. Kila mfumo wa hifadhidata una daftari lake la ndani, katalogi, linaloandika majina ya majedwali na safu zote zilizomo. Majina hayo yamewekewa kikomo cha urefu. Katika PostgreSQL kikomo cha kawaida ni baiti 63. Jina likizidi, mfumo unalikata na kutoa taarifa. Oracle kwa miaka mingi iliruhusu baiti 30 tu, na jina refu zaidi ililikataa kabisa. Katika matoleo ya karibuni kikomo kimepandishwa hadi 128. Na wanaoandika toni wakumbuke kwamba baiti si herufi: irabu yenye alama ya toni inakula baiti mbili au zaidi. Majina mawili marefu yanayofanana mwanzoni yakikatwa yanaweza kuwa jina moja. Hicho ndicho kilichowapata D25 na D251 mikononi mwangu.

Guthrie mwenyewe aliona kwamba alama tatu hazitoshi kila mahali. Aliongeza herufi ndogo kwa ajili ya lahaja: Kiunguja ni G42d, na Lingala, lugha aliyoanza nayo, aliiweka katika C36d. Waliokuja baada yake walipanua zaidi. Meeussen na wenzake wa Tervuren, Ubelgiji, walichukua sehemu za kanda D na E wakaunda kanda J, kwa herufi ambayo Guthrie aliiruka. Ndiyo sababu Kinyarwanda utakikuta kama D61, J61 au JD61, kulingana na kitabu ulichoshika. Baadaye Jouni Maho, katika orodha yake ya mwaka 2003 na ile ya 2009, alianza kutumia tarakimu ya tatu kwa lugha zilizokosa nafasi: lugha mpya inawekwa karibu na jirani yake wa zamani. Hapo ndipo D251 ilipozaliwa.

Kuna jambo lingine tunalomfanyia Guthrie isivyo haki. Msimbo wake ni anwani. Haukukusudiwa kuwa ukoo. Kuwa karibu katika orodha ni kuwa karibu kwenye ramani kwanza, na undugu wa lugha unahitaji ushahidi wake. Nimesoma kazi za wanafunzi, yangu ikiwemo, zinazosema lugha fulani ni ndugu kwa kuwa zote ni D20. Hiyo ni sawa na kusema majirani wa mtaa mmoja wa Kindu wana babu mmoja.

Katika historia yenyewe Guthrie alikosea, na kosa lake halikuwa dogo. Aliamini kwamba chimbuko la Wabantu liko kusini mwa msitu wa Kongo, upande wa Katanga na kaskazini mwa Zambia, kwa sababu huko ndiko alikokuta maneno mengi zaidi ya asili ya pamoja. Mmarekani Joseph Greenberg alisema chimbuko liko mpakani mwa Nijeria na Kameruni, kwa kuwa lugha zinazohusiana na Kibantu kwa karibu ziko huko. Walibishana kwa miaka, na wataalamu wengi hatimaye wamekubaliana na Greenberg. Nadharia ya Guthrie tunaisoma kama historia ya taaluma. Anwani zake tunazitumia kila siku, hata sisi tunaompinga.

Nadhani zimedumu kwa sababu hazidai mengi. Mtu wa Tervuren na mtu wa Dar es Salaam wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Kilega, mradi wote wanajua D25 ni ipi. Hatari inakuja pale urefu wa msimbo unapoanza kuamua ni lugha ngapi zipo. Mwanafunzi akiwa na neno lisilotosha katika nafasi, inamjia wepesi kulikata neno kuliko kuipanua nafasi.

Nimeijenga upya hifadhidata yangu. Msimbo sasa una nafasi ya kutosha na mfumo umeamriwa kukataa kinachozidi, usikate. Kuna safu ya jina ambalo wasemaji wenyewe wanaita lugha yao, na safu ya kijiji. Maneno 1 hadi 340 ya koko yamesharudi mahali pake. Yaliyobaki nitayahakiki naye nikirudi Pangi, maana katika daftari langu kuna kurasa mbili zilizolowa mvua, na yeye peke yake ndiye anayejua kilichoandikwa pale.