Bwana Domenico Agusta na Pikipiki Zake

Hapa Kigali pikipiki ni nyingi mno, nazo twazithamini kwa kazi yake ya kila siku. Napenda kuwasimulieni habari za mtu aliyeunda pikipiki chache zinazotafutwa leo kwa fedha nyingi.

Domenico Agusta alizaliwa Italia mwaka 1907. Baba yake, mwunda ndege, alifariki mwaka 1927, naye akairithi kazi. Baada ya vita Italia ilikatazwa kuunda ndege. Basi mwaka 1945 akaanzisha kiwanda cha pikipiki cha MV. Tangu 1958 hata 1974 waendeshaji wake walitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 500 mara 17 mfululizo. Mwenyewe alifariki mwaka 1971.

Katika miaka ya 1960 aliuza pikipiki ya barabarani yenye silinda nne. Ilikuwa nzito na ghali, na sura yake haikupendeza. Hazikufika hata 150. Uchache ule ulitokana na kukosa wanunuzi. Leo wakusanyaji huzigombea, kwa kuwa injini yake ni ndugu ya zile zilizoshinda. Pikipiki nyingine adimu zimesahauliwa, maana hazina historia.

Zamani mwenye cheti cha sekondari alikuwa adimu. Sisi tu wengi. Tutathaminiwa kwa matendo yetu.