Fundi aliyeipa ndege pumzi

Kila Desemba 17 inapowadia, wapenzi wa safari za angani huwakumbuka ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Sina ugomvi na sifa hizo, maana wanazistahili. Linalonikera ni kwamba Charles Taylor, fundi aliyeunda injini ya ndege yao, hutajwa na wachache mno, aghalabu mafundi wenzake.

Taylor alizaliwa Mei 24, 1868, katika jimbo la Illinois. Alijifunza kazi ya vyuma, na baadaye akahamia mji wa Dayton, Ohio. Mwaka wa 1901 ndugu hao, waliokuwa na duka la baiskeli, walimwajiri kwa senti 30 kwa saa. Alilitunza duka wao wakiwa katika majaribio yao kule Kitty Hawk.

Kufikia mwisho wa 1902 walikuwa wamekwisha kujua kuiongoza ndege isiyo na injini. Wakawaandikia wenye viwanda wakitafuta injini nyepesi yenye angalau nguvu za farasi 8, wasipate iliyowafaa. Mzigo ukamwangukia Taylor, ambaye ujuzi wake wa injini za petroli ulikuwa haba. Michoro kamili haikuwapo. Sehemu moja ilichorwa kwenye kipande cha karatasi, naye akakitundika juu ya meza yake na kuanza kazi. Kiwiliwili cha injini kilisubiwa kwa alumini ili kisiwe kizito. Ile krenki aliitoa katika bamba la chuma cha pua: alitoboa matundu kwa keekee akiufuata mchoro, akaibandua ziada kwa patasi na nyundo, kisha akaikereza. Wiki sita zilitosha.

Anayeijua injini ya leo angestaajabu jinsi ile ilivyovuta pumzi. Haikuwa na kabureta tuliyoizoea. Petroli ilitiririka yenyewe kutoka kwenye tangi dogo lililofungwa juu, ikaingia katika kisanduku bapa karibu na silinda, ikageuka mvuke kwa joto na kuchanganyika na hewa. Vali za kuingizia hazikusukumwa na chochote. Pistoni iliposhuka, zilifunguka kwa mvuto wake tu. Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Ilipowaka mara ya kwanza, injini ilitoa nguvu za farasi zipatazo 16, lakini baada ya dakika moja au mbili zilishuka hadi 12. Hewa iliyoingia ilikuwa imekwisha kupashwa moto na injini yenyewe, na hewa ya moto hutanuka, hivyo silinda hupata hewa haba ya kuchoma petroli. Hata leo, anayejiundia ndege nyumbani na kutaka nguvu zaidi huanzia papo hapo: huitafutia injini yake hewa baridi na njia isiyoibana. Kwa bahati, 12 zilitosha na kusalia.

Februari 1903 kiwiliwili kilipasuka katika majaribio, ikabidi kisubiwe kingine. Desemba 17 mwaka huo ndege iliruka kwa sekunde 12. Taylor hakuwapo, alikuwa Dayton. Baadaye aliomba afundishwe urubani, lakini waajiri wake wakakataa. Huenda walichelea kumpoteza fundi wao. Kwangu mimi, hiyo si sababu ya kutosha. Hata ile krenki ya 1903 ilipelekwa kwenye maonyesho New York mwaka wa 1906, wala haikurudi.

Mwaka wa 1911 Taylor alifuatana kwa treni na rubani Calbraith Rodgers, aliyevuka Marekani kwa ndege ya Wright, akiikarabati kila ilipoanguka. Miaka ya baadaye haikumwia njema. Fedha alizotia katika ardhi huko California zilipotea, akarudia kazi ya kiwandani Los Angeles. Mwaka wa 1937 Henry Ford alimwita kusaidia kulirejesha duka la Wright katika jumba lake la makumbusho. Orville, aliyefariki 1948, alimwachia dola 800 kwa mwaka. Haba, kwa maoni yangu.

Mwaka wa 1955 alipatikana katika wodi ya maskini ya hospitali moja ya Los Angeles. Watu wa sekta ya ndege walichanga fedha, akahamishwa mahali pa heshima zaidi. Alifariki Januari 30, 1956, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa Burbank, kando ya uwanja wa ndege.