Al-Jazari na Kijana Anayetaka Kuunda Roboti

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Loresho na kwa majirani zao wa Kangemi. Kijana amefaulu hisabati na fizikia, na moyo wake umeelekea kwenye roboti. Je, achague shahada ipi ya uhandisi? Baba hutaka uhandisi wa umeme kwa kuwa anaufahamu. Mjomba hushikilia sayansi ya kompyuta. Kijana mwenyewe amesikia habari za mekatroniki, na hakuna mzee nyumbani awezaye kumweleza ni kitu gani. Mzozo huo si mdogo, kwani shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka 5, na karo yake huwafanya wazazi kuuza ng'ombe na mashamba.

Kabla fomu haijajazwa, ningependa mwanafunzi na mwalimu wake wamtazame mtu mmoja aliyeaga dunia zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari aliishi katika karne ya 12, kwenye nchi ya juu iliyo baina ya mito Tigris na Euphrates, ambayo Waarabu waliiita al-Jazira. Jina lake latokana na nchi hiyo. Kwa muda wa miaka 25 hivi aliwatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq katika mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki. Aliitumikia serikali ya baba, kisha ya mwana, kisha ya mwana wa pili, Nasir al-Din Mahmud. Mfalme huyu wa mwisho ndiye aliyemwamuru aandike kitabu juu ya mitambo yake, nacho kikakamilika mwaka 1206. Takriban yote tunayoyajua kuhusu maisha yake yametoka katika kitabu hicho.

Jina la kitabu hicho ni Kitab fi Ma'rifat al-Hiyal al-Handasiyya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mrefu hapa, maana maneno mawili ya jina hilo yamo vinywani mwetu: hila na uhandisi. Kwetu sisi hila imebaki na maana ya ujanja mbaya, lakini kwa al-Jazari ilikuwa ni werevu wa kukifanya chuma, mti na maji vitende kazi ambayo havikuumbwa kuitenda.

Mitambo 50 imeelezwa humo. Mfalme hakupenda mtumishi ammiminie maji ya kutawadha, basi al-Jazari akamwundia mtumishi wa shaba aliyeshika birika, ambaye humimina maji kisha humpa mfalme taulo na kioo. Aliunda mashua yenye sanamu za wanamuziki waliopiga ngoma katika karamu za ikulu. Ndani yake mlikuwa na gogo lizungukalo, lenye vijiti vilivyozigonga nyenzo za mikono yao. Aliunda saa ya ndovu, ambayo ndani ya tumbo lake bakuli lenye tundu lilizama polepole majini. Kila nusu saa bakuli lilipozama, ndege alilia na mwendesha ndovu akapiga. Aliunda pia pampu ya pistoni mbili, na wanahistoria wa mitambo huitazama kwa heshima kubwa kuliko sanamu zote, kwa kuwa iligeuza mzunguko wa gurudumu kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, ikavuta maji na kuyapandisha juu.

Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na saa zake za maji. Sisi tuhesabuo saa tangu macheo tutaelewa upesi. Watu wa Amid waliugawa mchana kuwa saa 12, lakini kwao mchana wa kiangazi ni mrefu kuliko ule wa baridi. Hivyo saa moja ilirefuka na kufupika siku baada ya siku, na maji yalipaswa kutoka kwa kasi tofauti kila siku. Zaidi ya hayo, tangi likipungua, msukumo wa maji nao hupungua, na saa ikachelewa. Kwa tatizo la pili alitumia boya lililofungua na kufunga vali, ili kina cha maji katika chumba kidogo kisibadilike: mtambo ukajisahihisha wenyewe bila mkono wa mtu. Kwa tatizo la kwanza alikichunguza kifaa cha nusu duara kilichoachwa na waliomtangulia. Akakijaribu, akakiona kina kasoro. Hakuwatukana wazee hao wala hakuwafuata. Akatengeneza duara kamili, akaligawa kwa kupima na kupima tena.

Na nani alizifanya kazi hizo? Ni yeye mwenyewe. Aliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu za mchanga. Alibandika mbao tabaka juu ya tabaka zisipinde. Alitengeneza mifano ya karatasi kwanza. Alisaga vali kwa unga wa msasa mpaka tone lisipite. Aliketi na wafalme, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi.

Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Mzazi wa Loresho hupita kando ya chuo cha ufundi cha Kabete, ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1920, akaamini kwamba mwanawe hana la kujifunza humo kwa kuwa ataingia chuo kikuu. Fundi wa juakali wa Kangemi naye huchomelea chuma kwa ustadi, lakini hakuna aliyemfunza kukokotoa. Roboti huwahitaji wote wawili ndani ya kichwa kimoja.

Mekatroniki, ambayo hufunzwa katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kile cha Dedan Kimathi kule Nyeri, hujaribu kuyaunganisha mambo hayo: mitambo, umeme, kompyuta na udhibiti. Ningemshauri kijana aichukue, mradi ahakikishe kwanza kwamba Bodi ya Wahandisi imeitambua kozi hiyo, kisha aizuru karakana na kuona kama mashine zake zinafanya kazi au zimefunikwa vumbi. Akikosa nafasi, uhandisi wa mitambo au wa umeme hautamtupa. Programu za kompyuta ataweza kujiongezea. Anayesoma kompyuta peke yake huenda akajua kuiamuru roboti, asijue kwa nini mkono wake unatetemeka.

Mwalimu wa fizikia asiye na maabara ya kifahari aweza kuanza wiki hii. Bakuli jembamba la bati, msumari, ndoo ya maji na saa ya mkononi vyatosha. Wanafunzi walitoboe bakuli, waliweke juu ya maji, kisha waendelee kulirekebisha tundu hilo hadi bakuli lizame kwa dakika 30 kamili, wala si 28.