Lauri Rapala: Mvuvi aliyechonga samaki ‘mgonjwa’ kwa kisu cha fundi viatu

Fungua kisanduku cha mtu yeyote anayevua samaki kwa starehe, iwe Marekani, Ulaya au hata pale Naivasha. Uwezekano ni mkubwa utakuta kisamaki chembamba cha bandia, kina kiulimi mdomoni na ndoana za meno matatu tumboni. Jina lake ni Rapala.

Wengi wanadhani ni jina la kampuni tu. Hapana, ni la mtu, na mtu mwenyewe hakuzaliwa nalo.

Lauri alizaliwa Novemba 1905 huko Sysmä, Ufini, wakati nchi hiyo bado iko chini ya Urusi. Ukoo wake ulikuwa Saarinen. Alipofika miaka kama saba, mama yake, Mari, alihamia naye eneo jirani la Asikkala. Inasimuliwa kuwa mchungaji aliyewaandikisha kwenye usharika mpya hakukumbuka jina lao, akaona asihangaike, akaandika jina la kijiji walichotoka: Rapala. Kwa Kifini, asili ya neno hilo ni matope. Ndiyo hivyo, chapa inayojulikana dunia nzima ilianza na mtu aliyesahau jina la mwenzake.

Maisha ya kuungaunga

Mwaka 1928 Lauri alimuoa Elma Leppänen. Watoto wakaja, na miaka ya 1930 ikaja na mdororo wa uchumi uliokaba dunia nzima. Lauri alikata magogo, akafanya vibarua vya mashambani, na maji yalipofunguka baada ya barafu akaingia ziwa Päijänne kuvua. Ni ziwa la pili kwa ukubwa Ufini. Alipiga makasia mwenyewe.

Alitumia mishipi mirefu yenye mamia ya ndoana. Waliowahi kufanya kazi hiyo wanaijua shida yake: kila ndoana inataka kisamaki chake. Kwanza utafute chambo, kisha ukitundike kimoja kimoja, ndipo uanze kuvua. Nusu ya siku imekwisha na nyumbani wanasubiri kula.

Basi akiwa kwenye mtumbwi, maji yakiwa yametulia, Lauri alikuwa na tabia ya kuangalia chini. Aliona makundi ya visamaki yakipita, na samaki wakubwa wakivizia. Mkubwa akivamia, hakamati yeyote tu. Anamfuata yule anayeyumba, yule aliyejeruhiwa au anayeumwa, anayeogelea upandeupande kidogo tofauti na wenzake.

Hapo akapiga hesabu. Akipata samaki wa bandia anayeyumba vilevile muda wote, hatahitaji kutundika chambo tena. Muda unaookolewa ni samaki zaidi, na samaki zaidi ni hela ya unga.

Kizibo, chokoleti na picha za zamani

Mwaka 1936 kilipatikana cha kwanza kilichofanya kazi. Lauri alichonga kizibo, ile gamba nyepesi ya kuzibia chupa, kwa kisu cha fundi viatu. Kwa ngozi ya samaki alitumia karatasi ya kung’aa inayofungiwa chokoleti. Vanishi hakuwa nayo, kwa hiyo aliyeyusha negativu za picha akakipaka ili maji yasiingie.

Vifaa vyote hivyo vingekuwa kwenye takataka za mtu mwingine. Kilichokuwa cha thamani ni ule mwendo. Kikivutwa, kilitikisika kushoto na kulia kama kisamaki kilichozidiwa.

Stori inayorudiwa miaka yote ni kwamba kuna siku alirudi na ratili 600 za samaki, kama kilo 270 hivi. Mimi stori za wavuvi huwa nazipunguza kidogo kabla ya kuziamini, lakini hata ukigawa kwa nne bado ni mzigo.

Vita vilimpeleka jeshini kama wanaume wengi wa Ufini. Baada ya hapo kazi ikakua. Wanawe wakaingia kusaidia, magome ya msonobari yakatumika kuchongea, baadaye ukaja mti wa balsa, mwepesi kuliko vyote. Olimpiki ya Helsinki ya 1952 ikaleta wageni, na wengine wakaondoka na visamaki vya Lauri kwenye mabegi.

Besi, samaki wa kichakani

Sasa hapa kuna kichekesho. Samaki aliyemfanya Rapala kuwa jina kubwa Marekani, Lauri hakumvua kwao. Ni besi mwenye mdomo mpana, na kwenye maziwa ya Ufini hayupo.

Besi hapendi kukimbizana na windo. Anajificha kwenye magugu, chini ya magogo yaliyozama, kwenye kivuli, halafu anachomoka ghafla. Kumfuata huko na kitu chenye ndoana mbili za meno matatu kunaonekana kama wazimu, maana kila kijiti kinanasa.

Lakini kisamaki cha Lauri kinaelea, na hiyo ndiyo siri yake. Unakirusha pembeni ya kichaka au kwenye uwazi kati ya magugu, sio katikati ya fujo. Unashtua fimbo mara moja au mbili, kinazama kidogo huku kikitapatapa. Halafu unaacha. Kinapanda juu taratibu chenyewe, kama kilichokata tamaa. Mara nyingi besi anagonga katika ule utulivu, sio wakati wa kuvuta. Maji yakiwa baridi, unasubiri zaidi.

Kikigusa tawi, usivute kwa hasira. Legeza mshipi na mara nyingi kitaelea na kujitoa. Wanaovua kichakani hutaka mshipi mnene, wamtoe samaki kabla hajajizungusha kwenye magogo, lakini mshipi mnene ukikazwa puani unaua ule mwendo. Dawa yake ni fundo la kitanzi, linalompa kisamaki nafasi ya kucheza. Na lenyewe linaitwa fundo la Rapala.

Naivasha, Kenya, ambako besi waliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, mbinu ni ileile kwenye kingo za mafunjo.

Monroe alivyowabebesha kazi

Mwaka 1959 Mmarekani Ron Weber alikutana na kisamaki cha Rapala akiwa kwenye safari ya kuvua Kanada. Yeye na mwenzake Ray Ostrom wa Minneapolis wakaanza kuviagiza.

Kisha ikaja Agosti 1962. Jarida la LIFE liliandika kuhusu chambo hicho, na toleo hilohilo lilibeba kifo cha Marilyn Monroe. Watu waliligombania. Waliolinunua kwa ajili ya Monroe wakakutana na mvuvi wa Ufini kurasa za ndani. Oda zilizomiminika zinatajwa kufika milioni 3, wakati familia ilikuwa ikitengeneza sehemu ndogo tu ya hizo. Inasemekana kuna maduka ya Marekani yaliyokuwa yakikodisha kisamaki kimoja kwa siku, na unaacha amana.

Hapo mtu angeweza kulipua kazi. Chonga, paka, uza. Familia ikajenga kiwanda Vääksy, lakini utaratibu wa mzee haukuguswa: kila kisamaki kinaingizwa majini na kuvutwa kabla ya kwenda dukani. Kikikimbilia kulia, kijicho cha puani kinapindwa kidogo kushoto, kinajaribiwa tena. Kuogelea tu hakutoshi, lazima kiyumbe kama mgonjwa.

Lauri Rapala alifariki Oktoba 1974, akiwa anakaribia miaka 69. Wanawe walikuwa tayari wanaendesha kiwanda, na matangi ya majaribio yalibaki na maji.