Fundi Aliyekosa Karo: Maisha ya Henry Royce

Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wiki mbili nzima, badala ya kupanda matatu asubuhi kwenda shule Thika, nilishinda Ruiru kwenye gereji ya mjomba nikimshikia spana. Siku moja alinionyesha picha ya injini ya ndege za vita, aina ya Merlin, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Science Museum, London. Nikataka kumjua aliyeianzisha.

Henry Royce alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Babake, msaga unga, alifariki Henry akiwa na miaka 9 tu. Ikabidi kijana huyo auze magazeti na kupeleka telegramu nyumba kwa nyumba. Mwaka 1878 jamaa yake mmoja alimlipia ada ajifunze ufundi katika karakana ya reli, Peterborough. Kabla hajahitimu, pesa zikaisha, akatoka. Kumbe alikuwa na miaka 17 hivi. Mimi nina 16!

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka 1884 alifungua karakana ya vifaa vya umeme mjini Manchester. Baadaye akanunua gari kuukuu la Kifaransa, akaona lina kasoro, akaamua kuunda lake. Mwaka 1904 alikutana na Charles Rolls, na mwaka 1906 wakaanzisha kampuni ya Rolls-Royce. Rolls alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1910. Royce akaendelea na kazi, ingawa alikuwa mgonjwa.

Merlin ina silinda 12 na ujazo wa lita 27, ilhali injini ya matatu ya abiria 14 haifiki hata lita 3. Mwaka 1940 ndege aina ya Hurricane za Afrika Kusini ziliruka humu humu Kenya kupigana na Waitaliano, zikiendeshwa na injini hiyo. La kusikitisha ni kwamba Royce hakuisikia ikinguruma. Alifariki Aprili 1933, nayo ikawashwa mara ya kwanza Oktoba mwaka huo.

Mwaka 1930 alipewa cheo kikubwa, akaitwa Sir. Lakini yeye alipenda kujiita makanika tu, kama mjomba wangu, ambaye pia aliacha shule kwa sababu ya karo.

Zamani niliona haya wenzangu wakimwona mjomba na ovaroli yake ya grisi. Sasa sioni. Nimerudi darasani, karo bado haijatimia, na jioni nitapitia gereji.