Bombay: mtumwa aliyerudi, akashika njia

Nilirejea Burundi mwaka 2004 kutoka kambi moja ya Kigoma, nikiwa na mzigo wa ndagala na hadithi moja. Hadithi yenyewe ilikuwa ya shamba la baba, lililochukuliwa tukiwa ukimbizini. Kila mteja aliyesimama mezani kwangu nilimsimulia, mpaka wateja wakaanza kupita upande wa pili. Aliyenizindua ni mtu aliyefariki mwaka 1885, ambaye habari zake nilizisoma katika kitabu kilichochakaa: Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1820 katika eneo ambalo leo ni mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto, kijiji chao kilivamiwa, akatekwa, akauzwa Kilwa kwa vitambaa. Alivushwa bahari hadi India, akakaa huko miaka mingi. Hata jina alilopewa na wazazi wake lilipotea. Hilo la Bombay ni la mji. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akapanda chombo kurudi Afrika.

Ndugu msomaji, mtu kama huyo angekaa Unguja akilia hadi kufa, nani angemlaumu? Yeye aliingia uaskari wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1857, karibu na Pangani, alikutana na Waingereza Burton na Speke. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho alichozungumza nao. Kilichotoka kwenye machungu kikawa mtaji wake.

Februari 1858 walifika Ujiji, huko huko Kigoma tulikokimbilia sisi. Kati ya 1860 na 1863 alipita Karagwe na Buganda pamoja na Speke na Grant, wakateremka na Nile hadi Misri. Mwaka 1871 aliongoza askari wa msafara wa Stanley uliomtafuta Livingstone. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Cameron, na mwaka 1875 wakatokea bahari ya Atlantiki, Angola. Wakuu wa jiografia wa London walimpa medali ya fedha na pensheni.

Sisemi kwamba alisahau. Alimweleza Speke jinsi alivyotekwa, naye akaandika, ndiyo maana leo tunajua. Wala njia yake haikuwa ya asali. Speke huyo huyo aliwahi kumpiga ngumi ya mdomo. Lakini hadithi ya kutekwa haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa msafara, na makao yake aliyafanya Unguja, si katika kijiji alichonyang'anywa.

Nami shauri la shamba nililipeleka kwa bashingantahe, likapangiwa siku yake. Siku hiyo nilisimulia yote, mbele ya waliopaswa kusikia. Siku zilizobaki nikaziachia ndagala. Mteja akija akiuliza bei, nilimtajia bei.